Kupokewa Jembe

Katika mji wetu wa Tanga, kama katika miji mingine ya mwambao, mtoto wa kiume hatoki utotoni kimyakimya. Hata leo, ambapo kazi ya ngariba imekwenda kwa matabibu na kumbi za jando zimekwisha, hapana mtoto anayetahiriwa pasipo watu wa nyumbani kulijua jambo lenyewe, kulipikia chakula, kulisomea dua, na kumwambia mtoto, kwa maneno ya wazi au ya mafumbo, kwamba tangu siku ile hatalala tena mahali alipokuwa akilala, hatalia mbele ya watu, na mzigo uwapo njiani hautabebwa na mama yake naye akitazama. Ndugu zetu Wamasai, ambao baadhi yao wanakaa katika nyika za Handeni na Kilindi, wamekwenda mbali zaidi: wao wana sherehe ya kumwingiza kijana umorani, tena sherehe ya eunoto ambayo mama humnyoa mwanawe nywele zake ndefu, na baadaye sherehe ya nyama, olng'esherr, inayofunga umorani na kumweka mtu katika safu ya wazee, hata hawezi kusema kuwa hakuambiwa. Mwaka 2018 UNESCO iliziandika sherehe hizo za Wamasai wa Kenya miongoni mwa mila zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Sisi watu wa pwani hatuna ya namna hiyo. Mwanamume wa kwetu huingia umri wa makamo pasipo ngoma wala nasaha, na aghalabu watu hujua kuwa ameingia kabla yeye mwenyewe hajajua.

Nilitimiza miaka hamsini mwaka 2024, ikiwa hesabu ni ya jua. Kwa hesabu ya mwezi, ambayo mzee mmoja wa barazani kwetu Ngamiani hakubali nyingine katika mambo ya umri, nilikuwa nimekwisha kuitimiza mwaka mmoja na nusu kabla, kwani mwaka wa mwandamo umepungua siku kumi na moja hivi, na siku hizo katika nusu karne hukusanyika zikawa miezi kumi na minane. "Umekwisha kufika, Mwalimu," aliniambia mzee huyo. "Lililobaki ni wewe kupata habari."

Habari niliipata makaburini. Alifariki jirani yetu mmoja, fundi wa baiskeli, mtu aliyekuwa na kazi nyingi kwa kuwa Tanga ni mji wa baiskeli, na wachache ni watu wa kwetu, matajiri au maskini, ambao hawajapata kusimama mbele ya banda la fundi wakingoja tairi lizibwe. Tulimpeleka baada ya sala ya Alasiri. Kaburi lilikuwa halijatimia kina, na vijana walikuwa wakipokezana jembe na sururu. Nami, kama nilivyozoea tangu ubarubaru wangu, nilivua viatu, nikakunja mikono ya kanzu, nikashuka. Nilikuwa nimechimba kidogo tu alipotelemka upande wa pili kijana mmoja ambaye miaka ya nyuma nilimsomesha sarufi na ushairi, akalishika jembe kwa mikono miwili karibu na mikono yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Lete nikupokee, Mwalimu." Hapakuwa na kebehi katika kauli yake, wala hapakuwa na huruma, lilikuwa neno la adabu, lile lile tumwambialo mgeni aliyefika mlangoni na mzigo wake, na kwa kuwa lilikuwa la adabu halikuwa na jawabu ila kutii. Nikapanda juu. Nilitafuta mahali pa kusimama miongoni mwa wachimbaji nisipate, maana kila nilipokwenda nilisogezwa kwa heshima, hata nikajikuta mkekani, chini ya mwembe, pamoja na wazee ambao maisha yangu yote nilikuwa nikiwaona wamekaa pale, nisipate kujiuliza walifikaje.

Moyo wangu uliona uzito. Mwanamume wa mwambao hulelewa kwa kubeba; huhesabiwa mtu kwa kile anachoweza kukiinua na kukifikisha, kiwe gunia, jeneza, ada ya shule au aibu ya ndugu yake, na hapana aliyemfundisha afanye nini mikono yake inapoachwa mitupu. Lakini siku ile yangu haikuachwa mitupu kwa muda mrefu. Baada ya mwili kuingizwa katika mwanandani, viunza kupangwa, udongo kurudishwa na talakini kusomwa, mzee aliyekuwa akituongoza, ambaye kifua chake kilikuwa kimeshikwa na pumu, alinigusa bega akaniambia nisimame badala yake niwaambie watu neno la deni. Neno hilo kila Mwislamu wa pwani analijua: kwamba aliyekuwa akimdai marehemu awaendee warithi, na aliyekuwa akidaiwa naye afanye insafu alipe, na aliyeudhiwa naye amsamehe kwa ajili ya Mungu. Nimelisikia tangu utoto wangu. Walakini kulitamka mbele ya umati, huku nikiwatazama wana wa marehemu wametapakaa udongo wa kaburi la baba yao, kulikuwa kuzito kuliko jembe, kwani mwenye kulitamka huwa dhamini wa kauli yake, na wenye madai humwendea yeye.

Nao walinijia. Bandani mwa marehemu mlikuwa na baiskeli nyingi za watu, nyingine nzima, nyingine zimefunguliwa magurudumu, nyingine zimebaki fremu tupu zilizoegemezwa ukutani, na fundi hakuwa mtu wa kuandika: kumbukumbu zote alikuwa nazo kichwani, akaondoka nazo. Mjane alikuwa ameketi eda, ambayo kwa aliyefiwa ni miezi minne na siku kumi, haonekani na wanaume wasio maharimu wake. Kwa hiyo yeye alisema nyuma ya pazia, na mimi na mwanawe mkubwa tukisikiliza ukumbini, tukiuliza baiskeli hii ni ya nani, nani amelipa, nani ameacha kiasi. Watu wawili waligombea fremu moja nyeusi. Kijana wa marehemu, ambaye msiba ulimjaza hasira, alitaka kuiuza wagawane fedha, waondoke. Mimi sikuwa na elimu ya ufundi wala ya ukadhi. Nilichokuwa nacho ni wasaa wa kukaa. Niliwaacha waseme, wakasema hata wakachoka, na mmoja wao, alipochoka kushindana, alitaja kama jambo la kupita tu kwamba chini ya kiti, ndani ya rangi, pana mahali palipochomelewa kwa shaba zamani, kwa sababu baiskeli ile ilivunjika ikiwa imepakia gunia la nazi katika njia ya Mwambani. Tulikwangua rangi kwa kisu, shaba ikaonekana. Yule mwenzake alitazama, akaomba radhi, akasema fremu yake inafanana nayo mno. Nasi tulipopekua tukaikuta yake nyuma ya mlango. Ningalikuwa na miaka thelathini, shauri lile ningalilikata kabla chai haijaletwa, na ningalisifiwa kwa wepesi wangu.

Tangu hapo nimetafakari sana habari ya umri huu, na yamenijia upya mambo niliyoyasoma utotoni pasipo kuyaelewa. Katika sira ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, tulifundishwa chuoni kwamba alipokea wahyi akiwa na miaka arobaini, na kwamba katika mwaka wa kumi wa utume, umri wake ukiwa karibu na hamsini, alifiwa na Bibi Khadija, mkewe na mliwazi wake, tena akafiwa na Abu Talib, ami yake aliyemlea na kumkinga, hata mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Sisi watoto tuliihesabu kuwa habari ya msiba, tukageuza ukurasa. Mtu aliyefika umri ule huiona na upande wake wa pili: waliosimama nyuma yake waliondolewa karibu kwa pamoja, akabaki yeye wa mbele, na Hijra, na kusimama kwa umma wa Madina, mambo ambayo hesabu ya miaka yetu huanzia hapo, yote yalikuja baadaye, mikononi mwa mtu aliyekwisha kupita hamsini.

Na hapa kwetu, kusini ya mji, katika kijiji cha Vibambani, alizaliwa mwaka 1909 Shaaban Robert, karani wa serikali aliyekuwa bingwa wa lugha yetu, ambaye habari ya maisha yake imetufikia katika sehemu mbili, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Nilipokuwa kijana jina la sehemu ya pili lilinipita. Sasa kila nilionapo katika kabati la shule husimama. Alifariki Juni 1962, akiwa na miaka hamsini na mitatu, na hivyo muda ule alioupa jina ulikuwa mfupi mno. Lakini Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka chapani baada ya kufa kwake, na wanafunzi wangu wanapovisoma hawaulizi mwandishi alikuwa na umri gani. Kwa mtumishi wa serikali kama mimi, ambaye kanuni humruhusu kustaafu kwa hiari akiwa na miaka hamsini na mitano na kumlazimisha akiwa na sitini, ambaye wenzake katika chumba cha walimu hawazungumzi tena ila juu ya kiinua mgongo, hili ni jambo la kushikwa kwa mikono miwili.

Rika langu lina namna nyingi za kukataa kupokewa. Wapo wapakao piko ndevu na nywele, na sina neno kubwa nao, ila kwamba hina, ambayo dini imeisifu, ni nzuri zaidi usoni mwa mtu mzima. Wapo wanunuao unga uitwao vumbi la Kongo kwa wachuuzi wa stendi, wasiouliza umechanganywa na nini wala moyo wao una hali gani, nami nawahofia. Na wapo waoao binti mwenye umri wa binti zao. Sheria yetu inaruhusu ndoa ya pili kwa masharti ya uadilifu, nami sitii ulimi wangu katika halali ya mtu. Lakini mwanamume anayeoa ili ajione kijana humtwika mtoto wa watu kazi ya kuwa kioo, na kioo siku moja kitamwonyesha yaliyopo. Nimekaa katika suluhu za ndoa za namna hiyo, na anayenitia simanzi zaidi ni yule binti, aliyechukuliwa kwa haja ambayo hakuelezwa.

Wanawake wetu wametushinda katika mambo haya. Mke wangu, na kwa idhini yake naandika, alipofikiwa na mabadiliko ya umri wao, kukoma kwa siku zake, joto la usiku na usingizi wa mang'amung'amu, alikuwa na mashoga wa rika lake aliowaeleza yote, na alikuwa na somo yake wa tangu ujana, kikongwe sasa, ambaye alimwita, akamketisha kitandani, akamwambia litakalokuja kabla halijaja. Alirudi nyumbani amechangamka. Nilimtazama nikajiuliza ni mwanamume gani katika mji huu mzima angeniketisha mimi.

Mwili nao una habari zake. Macho hukataa maandishi madogo, kwa kuwa lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosonga, isiweze tena kujikunja kwa kitu cha karibu. Magoti hulalamika katika kuinuka kutoka sijida. Jeraha dogo hukawia kupona. Hayo yana miwani na yana subira, wala hayahitaji maneno mengi.

Lihitajilo maneno ni lile lililomwua ami yangu. Ami yangu, aliyenilea baada ya baba yangu kufa, alikuwa hamali bandarini, mmoja wa watu waliobeba robota za katani wakati katani ilipokuwa uhai wa mji huu, na hata alipokuwa mtu mzima hakukubali kijana ampokee mfuko wa sokoni. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa akiamka usiku mara kwa mara. Tulimsikia akitoka uani, tukasikia maji ya birika, tukasikia kimya kirefu. Na kwa kuwa alikuwa mcha Mungu, watu wa nyumbani tuliamini kuwa anatawadha kwa sala ya usiku, tukamtaja kwa wageni kuwa mfano wa ibada. Naye alikuwa amesimama gizani akingoja mkojo ambao haukuja ila kwa matone. Alistahimili hivyo hata siku ulipozuilika kabisa, ndipo alipochukuliwa hospitali akilia, mtu ambaye sikupata kumwona akilia, na ikajulikana kuwa ni saratani ya tezi dume, nayo imekwisha kuingia mifupani. Hakukaa sana. Katika siku za hitima alikuja mzee mwenziwe kuhani, akanivuta kando, akaniambia kwamba yeye naye ana dalili zile zile, na kwamba yeye na marehemu walikaa baraza moja miaka na miaka, wakicheza bao kila jioni, pasipo mmoja kumwambia mwenzake.

Tezi hiyo ni kitu kidogo kilichokaa chini ya kibofu na kuizunguka njia ya mkojo, nayo hukua kadiri mwanamume anavyokua. Kwa wengi kukua kwake ni kukua tu, huibana njia na kuleta usumbufu wenye dawa. Kwa wengine ni saratani, ambayo mwanzo wake mara nyingi hauna dalili yoyote, na ambayo huwaandama zaidi watu wenye asili ya Afrika. Mtu hawezi kuyapambanua haya mawili kwa kujitazama mwenyewe: ni lazima apimwe, na upimaji huanza kwa damu kidogo, na daktari akiona haja humpima kwa mkono. Barazani kipimo hiki cha mwisho kimefanywa kichekesho, na kicheko hicho, ambacho nimekisikia katika vinywa vya watu wenye akili zao, kimewazuia wanaume wengi kuliko umbali wa hospitali. Sikubaliani na anayesema kuwa ni haya. Haya ni sehemu ya imani, na imani haimwamuru mtu kufa kwa jambo ambalo angeweza kulisema.

Mimi na wenzangu wawili tuliosoma chuo kimoja tuliahidiana kwenda kupimwa pamoja, kwa kuwa kila mmoja peke yake angalipata udhuru. Tezi yangu ilionekana salama. Shinikizo la damu halikuwa salama: lilipimwa siku mbalimbali, na kila mara likazidi 140 kwa 90, mpaka ambao matabibu huanza kuliita maradhi. Sikuwa nimeumwa kitu. Ndiyo hatari yake, kwamba haliumi, na mtu hulichukua miaka mingi likiuharibu moyo na figo kwa siri, mpaka siku kiharusi kinapomwangusha msikitini na watu wakasema ametupiwa jambo. Sasa nameza dawa kila asubuhi, chumvi nimeipunguza, ng'onda, niliyekuwa nikimpenda tangu utoto, nimemwacha, na baiskeli yangu sijaiacha. Mmoja wa wenzangu alikutwa na kisukari. Tuliambiana matokeo yetu njiani wakati wa kurudi, tukizisukuma baiskeli badala ya kuzipanda ili maneno yapate nafasi, na tangu siku hiyo tumezungumza mambo ambayo katika urafiki wetu wote hatukupata kuyagusa.

Sikukuu ya Idi iliyopita alikuja mwanangu wa kiume, ambaye anafanya kazi Dar es Salaam. Aliponiona nikiingia na kikapu alininyang'anya kwa heshima kabla sijavuka kizingiti, nami nikamwachia. Baada ya chakula nilimwita uani, nikamweleza habari ya ami yangu yote, pamoja na yale ambayo kwa desturi baba hamwambii mwanawe, nikamwonyesha karatasi za vipimo vyangu, jina la dawa ninayomeza, na mtoto wa meza ninamoiweka. Nikamwambia kuwa damu yetu ni moja. Shinikizo aanze kulipima sasa, na habari ya tezi aiulize afikapo arobaini, asingoje hamsini. Alisikiliza akitazama chini. Kisha aliniuliza swali ambalo mimi sikupata kumwuliza ami yangu, kama usiku ninaamka, na mara ngapi. Nikamjibu: mara moja, siku nyingine mbili, na daktari anajua.